Taa Isiyomjua Mgeni

Taa niliyofunga nje ya mlango wangu hapa Kaliua ni nzuri, hilo silikatai. Ni kasha jeusi jembamba, lisilo na nakshi yoyote, linalomwaga mwanga juu na chini tu, na ukuta wa matofali ya kuchoma umependeza ajabu. Wala haichomi macho. Poul Henningsen wa Denmark alilihangaikia jambo hilo tangu miaka ya 1920, akaificha balbu nyuma ya vifuniko. Lakini taa zake zilimulika meza na watu wake. Yangu inaumulika ukuta.

Usiku mmoja, baada ya treni ya Mpanda kuingia, nilisikia hodi. Nikafungua. Niliona viatu vyenye vumbi vinang'aa, na juu yake giza.

“Nani wewe?” nikafoka.

“Mwanangu, hata mimi hunijui?”

Alikuwa mama mdogo. Marehemu baba alikuwa na chemli yenye kioo kilichopasuka, tena ikitoa moshi. Lakini aliinyanyua hadi usoni pa mgeni, akamwita kwa jina.

(Kumbikumbi wa mvua za kwanza wameipenda taa yangu. Watoto wa jirani huja na beseni.)

Mama mdogo alilala kwetu siku mbili. Kila alipotoka uani usiku aliomba tochi.