Mgema wa Aÿ

Jirani yetu mmoja kule Kilifi alikuwa mgema. Nilikuwa bado shule ya msingi, na jioni nilipenda kusimama chini ya minazi yake nimtazame akipanda: nyayo kwenye vidato vilivyochongwa shinani, kisu kiunoni, kibuyu kikining'inia. Akifika kileleni alikata ncha ya karara, kijipande chembamba kama ganda la kitunguu, akafunga upya na kutega kibuyu kingine. Asubuhi hivyo, mchana hivyo, jioni hivyo. Siku moja aliteremka akaniinamishia kibuyu nichungulie. Ndani mlikuwa na povu jeupe, likichemka bila moto. "Tega sikio," akaniambia. "Linahema."

Wateja wake walikuwa wengi kuliko vibuyu. Tembo la asubuhi ni tamu, la jioni ni kali, likilala sana ni siki. Mgema hana akiba, ana leo tu. Hapo ndipo methali inapomvizia: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Watu wamejaa uani, mnazi hauongezi hata tone kwa ajili ya sifa, na kisima kiko hatua chache. Jirani yetu hakukiendea kisima. Vibuyu vikikauka alisema, "Limekwisha," akakunja mkeka akaingia ndani. Wako walionuna. Kesho yake walikuwa wa kwanza kufika.

Mzee huyo hunijia kila ninaposoma habari za wagema wengine, walio mbali naye kwa kila hali: ukoo wa Bollinger wa Aÿ, mji mdogo kando ya mto Marne, katika eneo la Champagne nchini Ufaransa. Najua wasomaji wengi wa Kiswahili hawagusi kileo, na sina nia ya kumvuta mtu kwenye glasi. Ninachosifu ni kazi. Mtu anaweza kuisifu jahazi asipande.

Nyumba yao ya shampeni ilianza mwaka 1829. Mwungwana mmoja, Athanase de Villermont, alikuwa na mashamba ya mizabibu, lakini heshima ya daraja lake haikumruhusu kutia jina lake kwenye biashara. Akashirikiana na Paul Renaudin na kijana wa Kijerumani, Jacques Bollinger, wao ndio wakabeba jina. Baadaye Bollinger akamwoa binti wa mwungwana huyo, na mpaka leo nyumba iko mikononi mwa ukoo. Karibu miaka mia mbili ya kusifiwa, basi. Kama methali ni ya kweli, na mimi naiamini, kisima cha Aÿ kingekuwa kimekauka zamani kwa kutekwa.

Povu la kibuyu na povu la shampeni ni ndugu. Yote mawili ni pumzi ya hamira, ileile inayoumua maandazi: hula sukari, ikatoa kileo na hewa. La mgema huachwa liende zake. La Aÿ hufungiwa. Mvinyo uliokwisha kuchacha mara moja hutiwa kwenye chupa nene pamoja na hamira na sukari, gramu 24 hivi kwa lita, ukazibwa barabara. Hamira huamka, hula, na ile hewa haina pa kutokea, kwa hiyo huyeyukia ndani ya mvinyo mpaka mgandamizo unafika angahewa sita, kama mara tatu ya tairi la gari. Zamani, kabla watu hawajajua kuipima sukari, chupa zilipasukiana gizani moja baada ya nyingine, na vibarua waliingia ghalani wamevaa vinyago vya chuma.

Ikishamaliza sukari, hamira hufa ikatulia ubavuni mwa chupa, mashapo ya kijivu. Mtu mwenye haraka angeyaona uchafu. Lakini mashapo hayo hayaachi kufanya kazi: taratibu sana huurudishia mvinyo kile yalichokuwa nacho, ukapata unono na harufu ya mkate unaotoka jikoni. Sheria ya Champagne inadai angalau miezi 15 tangu chupa izibwe hadi iuzwe, na miaka 3 kwa mvinyo wa mavuno ya mwaka mmoja. Bollinger huvuka mipaka hiyo kwa mbali. Mwaka 1967 walitoa mvinyo wa mavuno ya 1952, uliolalia mashapo yake muda wote huo, ukasafishwa karibu na kuuzwa. Mtoto aliyezaliwa wakati zabibu zile zinachumwa alikuwa amekwisha kuota ndevu.

Aliyefanya uamuzi huo alikuwa mwanamke, Lily Bollinger. Mumewe alifariki mwaka 1941, Wajerumani wakiwa wameikalia nchi. Hakuwa na mtoto. Petroli haikupatikana, akapanda baiskeli, akazunguka shamba hadi shamba, na hata amani iliporudi hakuiacha baiskeli yake. Aliongoza nyumba kwa miaka 30, akaongeza mashamba, kisha akawakabidhi wapwa zake. Nikimfikiria, simwoni kwenye karamu. Namwona ameegemeza baiskeli kwenye jiwe, ameinama, anageuza jani aone upande wa chini.

Mgema wa Kilifi alikosa akiba, na wa Aÿ wamejijengea akiba ya ajabu. Sehemu ya mvinyo wa kila mwaka mzuri huwekwa kwenye chupa kubwa za lita moja na nusu, kila kijiji peke yake, kila aina ya zabibu peke yake, zikazibwa kwa gome la mti na kulazwa chini ya ardhi. Ziko mamia ya maelfu. Nyumba nyingine huitunza akiba kama hiyo kwenye matangi, na kwa mtunza hesabu hilo ni jambo la busara: tangi hufunguliwa kwa bomba moja. Hapa mvinyo mpya ukichanganywa na akiba hiyo, chupa hufunguliwa kwa mkono, moja moja, na mara nyingi anayeifungua si yule aliyeizika.

Ndiyo maana wanaweza kusema "limekwisha". Mvinyo wao uitwao La Grande Année hutoka katika miaka mizuri tu. Mvua ikiharibu mavuno, mwaka huo haupati chupa yenye jina hilo, hata wateja wakisimama mlangoni na fedha mkononi. Jirani yetu angewaelewa bila mkalimani.

Mvinyo huo wa La Grande Année huchachia kwenye mapipa ya mwaloni, mengi yao makuukuu, kwa sababu pipa jipya hupiga kelele mno ndani ya mvinyo. Wana fundi wao wa mapipa, anayefumua na kubadilisha mbao zilizochoka. Kisha chupa zake hazizibwi kwa bati kama la soda, ambalo karibu wote Champagne hulitumia wakati wa kungoja; huzibwa kwa gome, likabanwa kwa chuma. Uamuzi huo una gharama. Kizibo cha bati hung'olewa na mashine, cha gome kinataka mkono.

Kwanza mashapo lazima yateremshwe shingoni. Chupa huchomekwa kwenye mbao zenye matundu, ufundi uliozaliwa mjini Reims katika nyumba ya shampeni ya mjane Clicquot mnamo 1816 hivi, na mzungushaji hupita akizitikisa mbilimbili, robo mzunguko huku, kidogo kule, kila siku chupa ikizidi kusimama kichwa chini. Mzoefu huzungusha makumi ya maelfu kwa siku. Mashine hufanya kazi ya wiki nyingi kwa wiki moja, na kwa mvinyo wa kawaida sioni kosa; hata hapo Aÿ chupa nyingine hupitia kwenye mashine.

Halafu anakuja mfunguaji. Huishika chupa mdomo chini, kiganja kikiikumbatia, hukibandua kile chuma, kisha kwa kitendo kimoja huvuta kizibo huku akiinua shingo. Akichelewa, mvinyo unamwagika. Akiwahi, mashapo yanarudi ndani. Akipatia, hewa iliyofungwa miaka yote hiyo huyasukuma nje kwa kishindo, na dole gumba huwahi mdomoni. Baada ya hapo hufanya jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike: hunusa. Kila chupa. Gome huweza kutia harufu ya ukungu, kama kitabu kilicholowa. Akiisikia harufu hiyo, chupa huwekwa kando, miaka yake yote bure, na hakuna mnywaji atakayejua kwamba aliokolewa. Sifa haziwezi kumfikia mtu huyo kwa sababu kazi yake ni kile ambacho hakikutokea.

Nyuma ya nyumba yao wana vipande viwili vidogo vya shamba vyenye kuta, Clos Saint-Jacques na Chaudes Terres. Kijidudu cha filoksera kilichotoka Marekani kilipoangamiza mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19, Wafaransa waliokoa kilimo chao kwa kuunganisha mizabibu yao juu ya mizizi ya Kimarekani. Vipande hivi viwili viliponea, vikabaki na mizizi yake ya asili. Cha tatu, kilichokuwa kijijini Bouzy, kilivamiwa miaka ya 2000, kikatoweka. Katika viwili vilivyobaki mizabibu haikupangwa mistari, imesongamana kama watu sokoni, na trekta halina pa kupita. Haipandwi kwa miche pia. Mfanyakazi huchimba shimo mbele ya mzabibu mzee, huukunja shina taratibu usivunjike, huulaza udongoni akiacha macho machache nje, hufukia, hukanyaga kwa kisigino, kisha husogea kwenye wa pili.