Mabara ni mangapi? Tuanze na neno lenyewe

Mwanafunzi wa Kondele, Kisumu, akiulizwa dunia ina mabara mangapi, hujibu bila kusita: saba. Ndivyo vitabu vyetu vinavyosema, nami sina ugomvi na saba. Ugomvi wangu ni kuifunza idadi hiyo kana kwamba ni mbili jumlisha mbili.

Kwa wengi wa Amerika ya Kusini, Amerika yote ni bara moja. Warusi katika jiografia huunganisha Ulaya na Asia. Pete za Olimpiki, zilizobuniwa mwaka wa 1913, ni tano. Ardhi ni ile ile. Wahesabuji ndio tofauti.

Kiswahili nacho kina hesabu yake, ila vitabu haviigusi. 'Bara' ni neno la asili ya Kiarabu, lenye maana ya nchi kavu, kinyume cha bahari. Kwa mtu wa Unguja au Lamu, bara ni kule ng'ambo ya maji. Ndiyo maana tuna Tanzania Bara. Tuna pia Bara Hindi, ambalo halimo katika yale saba. 'Ulaya' ni ndugu wa 'wilaya', na katika mazungumzo imewahi kumeza hata Amerika: kwa Wazungu kote ni Ulaya. Vijana wetu wamefupisha zaidi: kuna hapa, na kuna majuu.

Basi kuna hasara gani? Mvuvi wa Ziwa Victoria, mwana wa mvuvi, akifika Mombasa huitwa 'mtu wa bara', wakati mwingine kwa kejeli, ati Kiswahili si chake. Shuleni aliambiwa bara ni Afrika nzima, na Mombasa imo! Hakuelezwa kwamba hizo ni maana mbili, na kwamba ile ya pwani hutegemea msemaji amesimama wapi. Angeielewa upesi, maana Dholuo ina 'loka', yaani ng'ambo, neno linalopima dunia vivyo hivyo.

Wahariri nao wasaidie. Waandike 'bara la Afrika' wanapokusudia Afrika, na wasiite Marekani 'Amerika', kwa kuwa Brazil na Kanada pia zimo humo. Naye mwalimu, kabla ya kuuliza mabara ni mangapi, aeleze kwanza bara ni nini, na ni bara kwa nani.