Ufundi wa Kutochungulia

Mwaka 2009 mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilifika Mombasa. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya intaneti yetu ilipanda hadi kwenye setelaiti, kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta, kisha ikashuka upande wa pili. Swali na jibu lake vilimaliza karibu nusu sekunde angani tu. Sasa ujumbe ukawa mwanga unaopita katika nyuzi za kioo chini ya bahari. Tulishangilia kasi, na tulikuwa na haki. Ila lilikuwapo jambo kubwa zaidi lisilopigiwa vigelegele: njia nzima ilibadilika, na programu ya barua pepe haikuhitaji kuandikwa upya hata mstari mmoja.

Hiyo ni kazi ya mafundi. Vint Cerf na Bob Kahn walichapisha mwaka 1974 mpango wa kuunganisha mitandao isiyofanana, kwa itifaki moja iliyobeba kila jukumu. Mwaka 1978 itifaki hiyo ikagawanywa sehemu mbili, IP na TCP, na kwangu mimi huo mgawanyo ndio kilele cha ufundi wenyewe. IP ikaachiwa kazi ndogo: kusoma anwani na kuisogeza pakiti, yaani kipande cha ujumbe, hatua moja mbele. Haiahidi kwamba pakiti itafika. Haijui kama imebeba picha za harusi au risiti ya ada. Juu yake TCP, inayokaa kwenye kompyuta mbili za mwisho, huhesabu baiti, hupanga vipande vilivyofika shaghalabaghala na kutuma tena kilichopotea. Nayo haiulizi kama chini kuna waya, redio au mkongo.

Kujizuia huko kwa matabaka haya mawili kulipata mtihani mkali mwaka 1986. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, majirani wasiofika hata nusu kilomita, kasi iliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Kompyuta zilikuwa zikituma upya pakiti zilizokwama na hivyo kuzidisha msongamano ule ule. Van Jacobson na Michael Karels hawakuzigusa ruta, vifaa vya njiani vinavyosogeza pakiti. Waliifundisha TCP adabu: ianze polepole, iongeze kadiri uthibitisho unavyorudi, na ikiona pakiti imepotea ipunguze mwendo. Kila kompyuta inajizuia kwa ajili ya wengine isiowajua, wala hakuna msimamizi katikati. Sijui kanuni nyingine ya uhandisi yenye ustaarabu kiasi hiki.

Lakini baadaye vifaa vya katikati vilianza kuchungulia. Kuta za ulinzi na mashine za kugawana anwani zikazoea kusoma vichwa vya TCP, yaani maelezo yake yanayotangulia data, na zikikuta jambo geni zinaitupa pakiti. Ndiyo maana kuirekebisha TCP kukawa kugumu mno: tabaka lililoingiliwa halibadiliki tena kwa uhuru. Jibu la wahandisi ni QUIC, iliyopitishwa rasmi mwaka 2021. Inafanya kazi za TCP kwa namna yake, na karibu kichwa chake chote kimefungwa kwa usimbaji, ili vifaa vya katikati visione mengi ya kuzoea. IP imeibeba tangu mwanzo bila kuambiwa.