Vita vya Angani Vilivyotengenezwa Nyumbani

Mwaka 2005 vijana wa Tampere, nchini Ufini, walitoa bure sinema yao ya kuchekesha, Star Wreck: In the Pirkinning. Wanaigiza humo masimulizi ya Kimarekani wanayoyapenda, Star Trek na Babylon 5. Samuli Torssonen na wenzake waliifanyia kazi miaka 7. Waigizaji walisimama mbele ya rangi ya buluu tupu. Kompyuta ikawawekea merikebu ya angani nyuma yao.

Vita vyenyewe vinapendeza macho: mianga, moto, vyuma vinavyopasuka. Twawasifu kwa uvumilivu wao. Lakini merikebu ikipasuka, waliomo hufa, nasi twacheka, twangoja ipasuke nyingine. Jicho limeshiba, moyo una njaa. Fundi wa picha akumbuke: kila merikebu ina watu ndani.