Feza ya Wasomaji na Kazi ya Msahihishaji

Mtu aliyetunga romani akikosa nyumba ya kuitoa, afanye nini? Njia moja ni kuomba feza kwa wasomaji wenyewe mbele ya kupiga chapa. Njia hiyo si mpya: Alexander Pope aliitoa tafsiri yake ya Homeri namna ile, tangu 1715 hata 1720, wanunuzi walijiandikisha na kulipa mbele. Leo changizo lapita katika intaneti. Lakini je, feza ikitimia, kitabu kimekwisha kuwa chema?

Tuangalie The Wake, romani ya Paul Kingsnorth, iliyotolewa mwaka 2014 na nyumba ya Unbound, Uingereza, kwa feza ya wasomaji. Ndani yake Buccmaster, mwenye mashamba wa Lincolnshire, anasimulia maangamizi ya nchi yake nyuma ya Wanormandi kuingia mwaka 1066. Mwandishi aliacha Kiingereza cha leo, akajitungia lugha iliyo karibu na ile ya kale. Kurasa za kwanza zinachosha, na kamusi ndogo ya mwisho haielezi maneno yote. Hilo ni kosa. Lakini sikio likizoea, tunatambua kusudi lake: mtu aliyenyanganywa nchi anakataa kusema kwa maneno ya wanyanganyi. Tena Buccmaster anajisifu mno, na majivuno yake yenyewe yanatuonya tusimwamini. Ni kazi ya fundi. Mwaka ule ule iliingia katika orodha ndefu ya tuzo ya Man Booker.

Basi, waliotoa feza walifanya nini? Walifungua mlango, na majina yao yakaandikwa ndani ya kitabu. Lakini Unbound haikupokea kila andiko: ilichagua kwanza, na changizo likiisha kutimia, wasahihishaji walishika kazi. Feza ilitoka kwa wengi. Hukumu ilibaki kwa wenye kujua.

Hapo ndipo vitabu vingi vya kujitolea mwenyewe vinaanguka. Si kwamba kujilipia ni haya: Marcel Proust alilipa gharama za kitabu chake cha kwanza cha romani yake kubwa mwaka 1913. Shida ni kwamba mara nyingi hakuna aliyemwambia mwandishi: «Sura hii ikatwe, mtu huyu hasemi kama mtu.» Rafiki wanaochanga wanasifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Hata kwa feza yenyewe kuna hatari. Mwezi wa Machi 2025 Unbound ilianguka, na waandishi wengi wakabaki wanadai malipo yao.

Kwa hiyo, mwenye kutunga asianze kwa kuhesabu wachangiaji. Ampe andiko lake msomaji mkali asiye rafiki yake, na katika changizo aweke kwanza fungu la msahihishaji, kisha la karatasi. Mchangiaji naye aulize swali moja mbele ya kufungua mfuko: nani atakayesahihisha? Kama hakuna jibu, ajue kwamba ananunua matumaini tu, si kitabu.