Pongezi kwa Mama wa Munkoyo

Wageni wakitufikia hapa mtaani Golf kutoka Kipushi au Likasi, sifa zote humwendea mchoma nyama ya michopo. Zangu nampa mama wa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Anapika uji wa mahindi, anauacha upoe, ndipo anatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Uji mzito unalegea, unakuwa mwepesi na mtamu bila sukari. Ukilala, unaanza kuchachuka, na hapo ndipo ufundi ulipo: akiwahi kuuza ni uji tu, akichelewa ni pombe. Shangazi wa Likasi, asiyemwamini muuzaji yeyote, alimaliza kikombe akiwa wima, akaketi, akaomba cha pili, eti cha watoto. Watoto hawakukiona.