JPEG XL Ilizikwa Ingali Hai

Oktoba 2022 timu ya Chrome iliamua kuing'oa JPEG XL, fomati ya picha, na sababu moja iliyotajwa ni kwamba wadau hawakuonyesha hamu ya kutosha. Hamu ya mlaji inapimwaje chungu kikiwa kabatini? Fomati ile ilifichwa nyuma ya swichi ya majaribio tangu siku ya kwanza, nayo ikiwa imezimwa. Mwenye tovuti gani angepandisha picha ambazo wasomaji wake hawazioni? Hata hivyo hodi zilipigwa: watu wa Adobe, Intel na Facebook waliitaka waziwazi. Toleo la 110 la Chrome, mapema 2023, likatoka bila hata ile swichi. Linganisha na Independent JPEG Group, waliotoa libjpeg, programu ya kusoma na kuandika JPEG, bure mwaka 1991, kiwango chenyewe cha JPEG hakijapitishwa. Hao hawakungoja kubembelezwa.

Kilichotupwa si kitu kidogo. JPEG XL huichukua JPEG kuukuu, ikazipanga upya hesabu za viraba vyake vya pikseli 8 kwa 8, na faili ikapungua kama asilimia 20: MB 5 zikawa 4. Ukiirudisha, unaipata JPEG ileile, biti kwa biti. Fomati shindani, AVIF na WebP, lazima ziifumue picha hadi pikseli na kuibana tena, hasara juu ya hasara, fotokopi ya fotokopi. Na hiyo WebP ya 2010, ambayo sijawahi kuisamehe, ikibana kwa kupoteza hukata rangi nusu kwa upana na nusu kwa kimo, upende usipende. Tazama maandishi mekundu kwenye bango lolote la WebP yanavyochuja kingoni.

Watasema AVIF inatosha. Kwa picha iliyobanwa mno inafanya kazi nzuri, sibishi. Lakini huzipiga pasi nywele na nyuzi za kitambaa, na kwa kawaida haina ile tabia ya JPEG XL ya kujitokeza kwa ukungu kwanza, kisha ikakolea, inayomwokoa mwenye mtandao wa kusuasua. Hoja ya usalama ndiyo nzito: kila kisimbuzi kipya ni mlango mwingine wa wezi, na Septemba 2023 tundu la hatari lilifichuka ndani ya libwebp, maktaba ya WebP yenyewe. Basi kisimbuzi cha JPEG XL kiandikwe kwa Rust, lugha inayoziba matundu ya kumbukumbu ya namna hiyo. Septemba hiyohiyo Safari 17, kivinjari cha Apple, ikaipokea JPEG XL. Wa iPhone akaweza kupakua MB 4. Wa Chrome, picha ileile, bando lake likaendelea kuliwa MB 5.